Uwanja Uliopimwa kwa Kikombe cha Chai

Nchi ya Vivyohivyo ipo mbali na hapa, mbali sana, na watu wake hawafanani na sisi hata kidogo. Basi asitokee mtu akasema kasemwa. Ila mwenye binti na asikilize vizuri, maana kisa chenyewe ni cha mama mmoja na binti yake mmoja.

Barabara za Vivyohivyo zilikufa siku nyingi. Hazikuzikwa; zilikufa tu zikaachwa hapo hapo zilipolala. Mvua ikinyesha mashimo yalijaa maji, bata wakahamia, na Serikali ikawaandikisha bata wale kuwa mradi wa ufugaji. Wananchi wakalia. Serikali nayo, kwa kuwa ni sikivu, ikakaa vikao kumi na saba. Katika kikao cha kumi na saba Waziri wa Usafiri na Subira, Mheshimiwa Banzi, akasimama, akajikohoza, akatamka maneno ambayo baadaye yalichongwa kwenye jiwe:

"Ndugu wajumbe, nchi isiyo na barabara haihitaji barabara. Inahitaji chombo kisichohitaji barabara!"

Wajumbe wakapiga makofi mpaka mmoja akateguka kidole. Ikapita hapo hapo kwamba yafanyike Maonyesho Makuu ya Biashara ya Helikopta. Wauzaji waje kutoka kila pembe ya dunia na helikopta arobaini, nchi iketi, itazame, ichague. Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo tu: yafanyike wapi?

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kutafuta Mahali Panapofaa, wajumbe arobaini na mmoja, mwenyekiti Waziri mwenyewe. Kamati ilianza na uwanja wa ndege, ikaukataa kwa hoja nzito: ule ni wa ndege, na helikopta kwa mujibu wa sheria si ndege, kwani ndege ina mabawa na helikopta ina mapanga. Ikaenda uwanja mkuu wa mpira. Huko ilikuta mbuzi wa Mkuu wa Mkoa wanakula nyasi, na mbuzi wale walikuwa na mimba. Mjumbe mmoja akasema kwa uchungu, "Jamani, wenye mimba hawa, makelele yale si yatawaharibia?" Kamati nzima ikaona huruma, ikaondoka kwa kunyata. Uwanja wa gwaride nao ukashindikana, kwa sababu katikati yake pana sanamu ya Kiongozi Mtukufu ameinua mkono. Panga la helikopta likiukata mkono ule, nani ataandika ripoti?

Hivyo ndivyo Kamati ilivyofika Kitandula. Magari yake yalizama matopeni maili moja kabla, wajumbe wakabebwa migongoni na wakulima wa mihogo. Waziri alikuwa mzito kidogo, lakini njia nzima alimsifu aliyembeba kwa uzalendo wake.

*

Sikudhani binti Mbaruku alikuwa anauza chai kwenye ofisi ya kata ya Kitandula. Alisoma mpaka darasa la saba, hakuongeza. Lakini mkono wake! Angebeba kikombe kilichojaa pomoni, chai imevimba juu ya mdomo wa kikombe, akaukata uwanja mzima wa ofisi, akakuwekea mezani bila kudondosha tone. Watu walikuwa wanawekeana dau. Aliyeweka dau dhidi ya Sikudhani alikuwa mgeni.

Mkono haukutetemeka, ila moyo ulitetemeka siku zote. Alikuwa mama wa hofu. Aliogopa radi, aliogopa nyoka, aliogopa mchuzi uliolala. Na tangu binti yake wa pekee, Mwatatu, ashike mimba ya kwanza, hofu zote zile zilikusanyika zikawa moja. Mume wa Mwatatu alikuwa ameenda mkoa wa mbali kukata miwa. Kila alfajiri Sikudhani aliinamia miguu ya binti yake, akaibonyeza kuona kama imevimba.

"Mama, utanitoboa," Mwatatu alicheka. "Miguu ni ile ile ya jana."

"Jana si leo. Nyamaza nibonyeze."

Hakuwa anaogopa bure. Dada yake mkubwa alifia njiani, kwenye machela ya miti, akipelekwa kujifungua, zamani kabla Kitandula haijapata zahanati. Zahanati ilipojengwa wanawake wakaweka desturi yao wenyewe, haikuandikwa popote. Kila aliyejifungua hapo salama, akitimiza arobaini, alirudi na kapu la udongo wa kichuguu. Aliumwaga uwanjani, akaunyunyizia maji, na wenzake wakaukanyaga kwa miguu mitupu wakiimba mpaka ukashika kama sakafu. Kapu moja kwa kila mtoto. Miaka ikapita, makapu yakawa maelfu, na uwanja ule ukawa tambarare kuliko kitu chochote nchini Vivyohivyo. Hata mlevi alikuwa hajikwai hapo, sembuse mjamzito.

*

Siku Kamati ilipokaa kunywa chai, ikagundulika kwamba kifaa cha kupimia usawa wa ardhi hakikuja. Pimamaji ya Serikali ilikuwa imefungiwa stoo makao makuu, na mwenye ufunguo alikuwa masomoni, anasomea utunzaji wa funguo.

Waziri hakubabaika. Akakitazama kikombe chake, akainua kidole.

"Maji hujua usawa wake yenyewe. Na chai ni nini? Chai ni maji yaliyosoma. Mama chai! Jaza kikombe, tufuate."

Sikudhani akajaza. Wakaenda uwanja wa shule. Akaweka kikombe chini, chai ikamwagika upande wa kushoto, maana mafuko walikuwa wamefukua. Wakaenda gulioni, ikamwagika kulia. Wakaenda nyuma ya kanisa, kikombe chenyewe kikabingirika kikaingia mferejini. Jua likawa kali, wajumbe wakaanza kutazamana, na Waziri akatikisa kichwa kwa majonzi.

"Kitandula mmeniangusha. Nilisikia hapa kuna watu. Kumbe hakuna hata mahali pa kuweka kikombe."

Maneno yale yalimchoma Sikudhani. Akamjibu kwa ile haraka ya mtu anayetetea kwao:

"Mheshimiwa, usituseme hivyo. Mbona uwanja wa zahanati yetu umenyooka kama sinia?"

Laiti ulimi ungekuwa na mpini, angeushika. Lakini haukuwa nao, na wakati ule hata hakujua kuna cha kushika. Alitembea mbele ya wanaume arobaini na mmoja na kikombe chake mkononi, kifua mbele, akakiweka katikati ya uwanja wa zahanati. Chai ikatikisika mara moja. Ikatulia. Ilitulia hata Waziri aliiona sura yake humo ndani, akaipenda.

"Hapa!" akasema. "Andika: panafaa!"

Nesi Perpetua, mkunga pekee wa zahanati ile, akatoka ndani na glavu mkononi.

"Panafaa nini, Mheshimiwa?"

"Helikopta arobaini, Nesi. Dunia nzima inakuja mlangoni kwako."

"Na wajawazito?"

"Zahanati itahamishwa kwa muda. Kule ng'ambo ya mto Luhesa kuna ghala la pamba, zuri, lina paa."

"Ghala lile ni mwendo wa saa mbili kwa mguu, Mheshimiwa! Mwenye uchungu atafikaje?"

Waziri akacheka kwa upole, kama mtu anayefundisha mtoto kuhesabu.

"Nesi, wewe umesoma. Kutakuwa na helikopta arobaini hapa, na wewe unauliza mtu atafikaje?" Kisha akamgeukia Sikudhani, akamwekea mkono begani mbele ya watu wote. "Na wewe mama uliyetuonyesha mahali. Una mtoto?"

"Ninaye, Mheshimiwa. Mjamzito, miezi saba."

"Basi akishikwa na uchungu siku ile, helikopta ya kwanza kuruka ni yake. Mimi nimesema."

Watu wakapiga vigelegele. Sikudhani akarudi nyumbani anakimbia, ndala moja imebaki njiani. Kwa mara ya kwanza katika miezi saba hakubonyeza miguu ya binti yake.

"Mwanangu, utapaa," akamwambia. "Utapaa kama malaika."

"Mimi naogopa hata kupanda mnazi, Mama," Mwatatu akasema. "Kwa nini nisijifungulie pale pale kwa Nesi, kama watu wote?"

Sikudhani akaenda kuchochea moto.

*

Miezi miwili baadaye Maonyesho yakafunguliwa kwa hotuba tisa. Uwanja ukazungushiwa senyenge. Helikopta arobaini zilisimama safu safu juu ya udongo wa kina mama, zimepakwa mafuta zinang'aa kama mende, na kila moja imetundikwa kibao: USIGUSE. Kwa ajili ya usalama, njia zote zilifungwa mwendo wa maili mbili kila upande, ya kwenda mtoni ikiwa ya kwanza. Hapakuwa na hatari yoyote, lakini usalama ni usalama.

Siku ya pili ya maonyesho, saa mbili asubuhi, Mwatatu alishika ukuta akasema, "Mama, nadhani ndiyo yenyewe."

Jirani yao, Bi Mize, akaja mbio na upande wa kanga. "Tumpakie kitandani tumvushe mto hadi ghalani, shoga. Tutawaomba askari."

"Mto wa nini? Nina ahadi ya Waziri. Mlete polepole mpaka kwenye senyenge, mimi natangulia."

Kwenye geti askari akamzuia. "Kadi yako ya mwaliko?"

"Kadi yangu ni birika." Alikuwa amevaa aproni yake na kushika birika la chai. Askari akaona ni kweli, viongozi hawajanywa chai, akamfungulia.

Alimkuta Waziri chini ya turubai, amezungukwa na wauzaji wenye tai. Sikudhani akapiga goti.

"Mheshimiwa, ni mimi. Mama wa kikombe. Binti yangu ameshikwa. Yuko njiani analetwa."

"Aaa, mama yetu!" Waziri alifurahi kwa dhati. "Waheshimiwa, huyu ndiye aliyetupatia mahali! Mpigieni makofi."

Wakampigia makofi.

"Mheshimiwa, helikopta."

"Ehee. Umeionaje? Ile nyekundu?"

"Ya kumpeleka mwanangu, Mheshimiwa. Uliahidi."

Waziri akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akafungua kitabu cha ratiba, akapitisha kidole.

"Ipo, Mheshimiwa. Saa tisa alasiri. Onyesho la Uokoaji wa Mjamzito."

"Umeona?" Waziri akasema. "Serikali haisahau."

"Saa tisa ni mbali! Ameshikwa sasa!"

"Mama, taratibu," msaidizi akaingilia. "Halafu mjamzito wa onyesho tayari yupo."

Akamwonyesha. Kwenye kiti cha kukunja aliketi karani mmoja wa wizara, mwanamume wa ndevu, amevalishwa gauni la maua, na mto wa kulalia umefungwa tumboni kwa kamba. Alikuwa anakula karanga. Na pembeni yake, katika sare mpya ambayo lebo yake bado inaning'inia, aliketi Nesi Perpetua. Alikuwa ameletwa tangu jana kutoka ghalani, kwa barua yenye mhuri, ili amshike mkono mjamzito yule wakati wa kupaa.

"Nesi!" Sikudhani akalia. "Mwatatu!"

Nesi Perpetua akasimama. "Niacheni niende, ni uzazi wa kwanza huo."

"Kaa chini, Nesi," msaidizi akasema. "Jina lako limo kwenye ratiba."

Sikudhani akamrudia Waziri, magoti yote mawili chini. "Mheshimiwa, yule ni mwanamume. Wangu ni mjamzito wa kweli."

"Hapo ndipo penye tatizo, mama," Waziri akasema, na kweli sauti yake ilikuwa na huzuni. "Huyu amefanya mazoezi wiki mbili. Wako amefanya mazoezi wapi? Akipiga kelele mbele ya wageni je? Akitoka damu? Tutaaibika sisi, utaaibika wewe."

Karani akaacha kutafuna. "Mheshimiwa," akasema kwa sauti ndogo, "mimi naweza kumpisha."

"Wewe mjamzito, nyamaza."

*

Kina mama waliomleta Mwatatu kitandani walifika kwenye senyenge saa nne. Hawakuruhusiwa kuingia, na kurudi nyuma hawakuruhusiwa pia, kwa sababu msafara wa balozi ulikuwa unapita. Wakamshusha hapo hapo, nje ya waya, hatua thelathini kutoka mlango wa zahanati ambamo angezalia. Sikudhani akatoka akaketi chini, akampakata kichwa.

"Mama, helikopta iko wapi?"

"Inakuja, mwanangu. Inajazwa mafuta."

Ilipofika saa saba kipaza sauti kikatangaza kwamba, kutokana na heshima ya balozi mwenye haraka, onyesho la uokoaji limesogezwa mbele. Nesi Perpetua akasukumwa ndani, karani akalazwa kwenye machela. Helikopta nyekundu ikanguruma. Upepo wake ukainua udongo wote mkavu wa uwanja, makapu na makapu, ukautupa juu ya senyenge. Kanga alizofunikwa Mwatatu zikapeperuka. Wale wanawake wakamlalia, migongo yao ikawa ndiyo paa. Sikudhani aliinua uso mara moja tu, akamwona Nesi dirishani, angani, anapiga kioo kwa viganja viwili. Chini watu walidhani anawapungia, nao wakampungia.

Mtoto alizaliwa katika vumbi lile. Wa kike, akalia kwa nguvu. Bi Mize akamfunga kitovu kwa uzi wa aproni.

Lakini damu ya Mwatatu haikukata. Bi Mize alifanya alilolijua. Nguo ziliisha, wakavua zao, nazo zikaisha. Mwatatu alikuwa anamtazama mama yake kama mtu anayetaka kuuliza kitu kidogo.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Bonyeza miguu."

Sikudhani akaibonyeza. Ilikuwa baridi.

Helikopta iliposhuka, Nesi Perpetua alifika anakimbia, amepita katikati ya senyenge, sare mpya imechanika bega hadi kiuno. Akapiga magoti, akaweka sikio kifuani kwa Mwatatu, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kipaza sauti kikalia: "Tumearifiwa kwamba mwananchi mpya amezaliwa katika maonyesho yetu! Mheshimiwa Waziri amempa jina, ataitwa Helikopta! Makofi tafadhali!"

Na makofi yalipigwa. Yalisikika mpaka pale.

*

Maonyesho yalifana sana, ripoti inasema hivyo. Helikopta hata moja haikununuliwa, kwani mwishoni ilibainika kwamba hakuna barabara ya kuletea mafuta yake.

Siku ya arobaini Sikudhani alijitwika kapu la udongo wa kichuguu, mtoto mgongoni, akaenda zahanati kutimiza desturi ya binti yake. Senyenge ilikuwa bado ipo. Juu ya geti pameandikwa UWANJA WA KIMATAIFA, na ndani hamna kitu, upepo tu na kibao kimoja cha USIGUSE kilichosahauliwa.

"Bibi, udongo hauingii bila kibali," askari akamwambia, bila ubaya.

Hakubishana. Alizunguka senyenge mpaka pale walipomlaza Mwatatu, akaumwaga udongo hapo, akanyunyizia maji, akaanza kukanyaga. Wimbo haukutoka. Bi Mize akaja akakanyaga naye. Kesho yake wakaja wawili na makapu yao. Nesi Perpetua akarudi kutoka ghalani bila ruhusa ya mtu, akafunga turubai, akaweka kitanda. Na kila aliyejifungua chini ya turubai lile alileta kapu lake. Na waliozalia njiani wakaleta. Na waliozika wakaleta. Miaka miwili ikapita, kikapatikana kiwanja kingine, kidogo, chekundu, kilichonyooka.

Ndipo Kamati ikarudi. Maonyesho ya Pili, Makubwa Zaidi, na uwanja wa kwanza umekuwa mdogo. Waziri Banzi akashuka mgongoni kwa mkulima wake, akaona kiwanja kile, macho yakang'aa.

"Hiki hakikuwepo! Mama chai! Ule mkono wako bado upo?"

"Upo, Mheshimiwa."

"Jaza!"

Sikudhani akajaza, chai inafuka moshi. Nesi Perpetua alisimama mlangoni mwa turubai. Ndani mwanamke alikuwa anaguna, uchungu umemkolea. Sikudhani akatembea hadi katikati ya kiwanja na wanaume arobaini na mmoja nyuma yake, akainama kuweka kikombe. Na mkono ule ambao haukuwahi kudondosha tone ukapinda. Chai yote ikamiminika juu ya vidole vyake.

Akakiinua kikombe kitupu.

"Pamepinda, Mheshimiwa," akasema.

"Haiwezekani. Naona kwa macho kwamba pamenyooka. Rudia."

Akajaza tena, ya moto ile ile, akaweka. Ikamwagika tena, ikashuka hadi kwenye kiwiko. Ngozi ilikuwa imeshaanza kuinuka.

"Pamepinda sana. Chai ni maji yaliyosoma, Mheshimiwa. Haiwezi kukudanganya."

Waziri alitafakari. Maneno yale aliyafahamu, yalikuwa yake mwenyewe, hivyo yalikuwa na hekima.

"Andika," akasema. "Hapafai."

Wakaondoka, mmoja mmoja akipanda mgongo wa mkulima wake. Mtoto akaamka mgongoni kwa bibi yake, akalia. Kwenye kadi ya Serikali anaitwa Helikopta, na kadi haifutiki. Sikudhani akauzungusha mkono mzima nyuma, ule usioungua, akampigapiga taratibu.

"Nyamaza, Mwatatu," akamwambia. "Wamekwenda."

Turubaini mtoto mwingine akalia kwa mara ya kwanza. Na wewe uliye na binti, wakija kwenu kukuuliza palipo tambarare, usijibu kwa sifa. Kwanza uangalie ni nani aliyepakanyaga.